Mkono Ujifunze Kabla ya Kugusa Jicho la Mtu



Nataka kusema nanyi juu ya hofu moja waliyo nayo wazee wengi wa Nakuru, Njoro, Subukia na Naivasha, ingawa si wote waisemayo. Mzee huambiwa kwamba ana mtoto wa jicho, na kwamba hospitalini waweza kumwondolea. Naye hujiuliza kimoyomoyo: "Je, atakayenipasua ni fundi, au ni mwanafunzi ajifunzaye juu yangu?" Swali hilo si la ujinga, nalo lastahili jibu.

Mafundi wanahitajiwa sana. Katika miaka ya 2007 na 2008 Daktari Wanjiku Mathenge na wenzake walichunguza macho ya watu 4,414 wa Nakuru, wote wenye umri wa miaka 50 au zaidi. Mtoto wa jicho alionekana kuwa sababu kubwa ya upofu. Ugonjwa huu hauponi kwa dawa ya matone, wala kwa mitishamba. Tiba yake ni kupasuliwa tu.

Lakini kazi yenyewe ni ya uangalifu mno. Daktari, akitazama kwa hadubini, hufungua njia katika weupe wa jicho, upana wake kama milimita 6 au 7, akaikata kwa namna ambayo hujifunga yenyewe bila kushonwa. Huitoa lenzi iliyoingia ukungu, akatia nyingine ya plastiki ndani ya kifuko kile kile. Kifuko hicho ni chembamba kuliko utando ulio ndani ya ganda la yai. Kikipasuka upande wa nyuma, ute wa jicho huweza kusogea mbele, na mgonjwa huenda asione vema.

Zamani mwanafunzi alisimama karibu na mwalimu wake akatazama, hata siku moja akakabidhiwa kisu. Baadaye njia nyingine ilijaribiwa. Madaktari wanafunzi 50 wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zimbabwe waligawanywa kwa kura. Nusu walifundishwa kwa siku 5 huko Cape Town, Afrika ya Kusini, wakipasua macho ya bandia. Mtu akiharibu jicho, alipewa jingine, wala hapana aliyeumia. Nusu ya pili waliendelea na mafunzo yao ya kawaida, nao wakapewa mafunzo hayo mwaka ulipokwisha.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Katika mwaka uliofuata mafunzo, kundi la kwanza lilipasua wagonjwa 332, na kifuko kikapasuka mara 26. Kundi la pili lilipasua 143, na kifuko kikapasuka mara 38. Nadhani hata asiyependa hesabu ataielewa hii.

Basi mzee akifika hospitalini, anayo haki ya kuuliza: "Bwana Daktari, umekwisha kuifanya kazi hii mara ngapi, na ni nani atakayesimama karibu nawe?" Aliyefundishwa vema hatakasirika kwa kuulizwa hivyo.