Kinga si Nguvu Tu: Somo la Kwanza la Madaktari wa Kesho, Huruma

Haya ni maneno ya muuguzi wa afya ya jamii kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari waliozuru Huruma kabla ya kuanza masomo yao ya kinga, maambukizi na mchochota. Wakazi nao walikuwepo ukumbini. Tunayachapisha kwa kuwa yanamhusu kila mkazi wa kaunti.



Mlipotoka stejini kuja hapa mmepita meza nyingi za biashara. Moja ina chupa za dawa ya kuongeza kinga. Mwenye meza ni jirani yangu, anatafuta riziki kama sisi sote, nami sikuja kumsema. Nataka tu tulifikirie hilo neno “kuongeza”. Tunazungumza kana kwamba kinga ni kredo ya simu: ikipungua unaongeza, na ikiwa nyingi ndiyo heri. Mwili haufanyi kazi hivyo. Nikiwaachia jambo moja leo, liwe hili: mbele ya mgonjwa, msiulize tu kama kinga yake ni nyingi au ni kidogo. Ulizeni inafanya nini, inafanya wapi, na itatulia lini.

Tuanze na kijana wa mjengo. Saa nne asubuhi amekanyaga msumari. Jioni anafika kwetu akichechemea. Ukimwuliza, hatakwambia ana mchochota, maana hilo ni neno la vitabuni. Atasema: pamevimba, pana moto, panapwita, siwezi kukanyaga. Hapo amekwisha kuwafundisha somo. Mrumi mmoja aitwaye Celsus aliandika dalili hizo karibu miaka 2000 iliyopita: wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Waliomfuata wakaongeza ya tano, kwamba kiungo hushindwa kufanya kazi yake.

Lakini angalieni hapo kwenye wekundu. Vitabu vingi mtakavyosoma vina picha za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu hujificha. Mahali huonekana peusi zaidi, au hapaonekani tofauti kabisa. Kwa hiyo tumieni mgongo wa mkono kupima joto, na linganisheni mguu huu na ule. Anayengoja kuona wekundu atachelewa.

Ndani ya mguu huo kumetokea nini? Msumari umepasua ngozi, ambao ndio ukuta wetu wa kwanza. Chini ya ngozi kuna seli zinazokaa papo hapo, kama majirani wa ploti. Hizo ndizo hupiga kelele kwanza, kwa kumwaga kemikali. Mishipa midogo ya damu inatanuka, damu nyingi inafika, ndiyo maana pana joto. Kuta za mishipa zinalegea, maji yanavuja, ndiyo maana pamevimba. Neva zinaguswa, ndiyo maana panauma. Kisha seli nyeupe za damu zinapenya kutoka kwenye mishipa na kuanza kumeza bakteria. Nyingi hufia hapo hapo. Usaha mnaouona ni pamoja na mizoga yao.

Sasa tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kijidudu kuingia mwilini ni jambo moja. Kukaa na kuzaliana humo mahali pasipo pake ni jambo la pili, na hayo ndiyo maambukizi. Mwili kuwaka kwa kujibu ni jambo la tatu, na huo ndio mchochota. Utumboni mwetu wanaishi bakteria wengi mno na hatuumwi. Na yule kijana aliyeteguka kifundo akicheza mpira jana amevimba kama huyu wa msumari, wala hana kijidudu chochote kifundoni. Mchochota anao, maambukizi hana. Akienda kununua vidonge viwili vya antibiotiki, vidonge hivyo havina wa kumpiga.

Hiki ndicho chanzo cha makosa mengi mtaani. Mafua ni virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kumeza nusu dozi leo na nusu mwezi ujao huwapa bakteria nafasi ya kuzoea dawa, na bakteria waliozoea dawa hawabaki kwa aliyeinunua. Watapita mlango hadi mlango, na katika ploti zetu milango iko karibu.

Kuna kikosi cha pili cha kinga. Hiki huchelewa, mara nyingi siku kadhaa hadi wiki mbili, lakini kikija kinamjua adui kwa sura. Umewahi kupata kidonda mguuni kisha ukavimba mitoki kinenani? Pale ndipo habari za kidonda zilipopelekwa. Ndani ya tezi hizo seli huchaguliwa, yule anayemtambua adui huyu anazaa wenzake kwa maelfu, na baadhi yao hutengeneza kingamwili. Vita vikiisha wengi hufa, lakini wachache hubaki na kumbukumbu. Adui akirudi, safari hii hawachelewi.

Chanjo ni kuwaonyesha askari hao picha ya mwizi kabla mwizi hajafika. Kina mama mlio hapa mnaijua kadi ya kliniki. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, tena akiwa na miezi 18. Haitolewi mapema zaidi katika ratiba ya kawaida kwa sababu mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, nazo zinaweza kuizima chanjo kabla haijafundisha kitu. Ile ya miezi 18 ndiyo husahaulika, maana mtoto ameshaanza kukimbia na mama amerudi sokoni. Msiisahau. Surua ina hila ambayo magonjwa mengi hayana: inashambulia zile seli za kumbukumbu zenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019, uliofanywa kwa watoto wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, ulionyesha kwamba baada ya surua walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Kwa hiyo mtoto anaweza kupona surua, vipele vikaisha, kisha akapatwa na nimonia ambayo mwili wake zamani ungeizuia.

Mpaka hapa kinga ni rafiki. Sasa niwaambie kitu ambacho ningependa kusahau.

Nilipokuwa mgeni kazini, katika kituo ambacho sitakitaja, mama alimleta mwanawe wa miaka kama minane. Koo lilimwuma, ana homa, hana kikohozi wala kamasi. Foleni ilikuwa imefika nje. Nilitazama mdomo kwa haraka, nikampa dawa ya maumivu, nikamwambia mama ni baridi tu. Mama alisema, “Sista, huyu hulalamika koo kila mara.” Nilimsikia lakini sikumsikiliza. Wiki chache baadaye akamrudisha: goti limevimba, kisha likapoa na kiwiko kikavimba. Mimi sikuwa zamu. Akapewa dawa ya kuchua. Alipokuja kuonwa na daktari aliyejua, alikuwa akihema kwa kupanda ngazi za orofa moja. Vali za moyo zilikuwa zimeharibika.

Bakteria wa koo walikuwa wameondoka zamani. Kilichomharibu moyo ni kinga yake mwenyewe. Bakteria wale wana sehemu zinazofanana na sehemu za moyo wetu, na askari waliofundishwa kumsaka mwizi wakamkamata mwenye nyumba. Ugonjwa huo ni homa ya baridi yabisi inayofika kwenye moyo. Penisilini iliyotolewa mapema kwa koo lile ingeweza kuuzuia, na ni dawa ya bei nafuu. Yule mtoto alianza kudungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne ili koo lisije likaiamsha kinga tena, na sindano hizo huendelea kwa miaka. Kinga yake haikuwa kidogo. Ilikuwa na nguvu, na ilikosea mahali.

Kifua kikuu nacho kinafundisha hilohilo. Mtu akivuta vijidudu vyake katika chumba kisicho na hewa, mara nyingi mwili hauviui vyote. Unavizungushia ukuta wa seli na kuvifungia. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya wanne duniani amewahi kuambukizwa hivyo, na wengi hawaugui kamwe. Kinga ikidhoofika, kwa virusi vya ukimwi, kisukari au njaa, ukuta hubomoka. Lakini yale mashimo tunayoyaona kwenye mapafu kwa eksirei huchimbwa kwa sehemu kubwa na vita vyetu wenyewe. Ndiyo maana hatungoji kikohozi kikomae. Kipimo cha makohozi na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya umma, na dirisha lililo wazi ni kinga ya ploti nzima.

Basi kuna watu waliopata kinga inayojua kutulia? Wapo, na hawako mbali. Kutoka hapa hadi Majengo, Pumwani, ni safari fupi. Mwaka wa 1985 Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada vilianza kuwafuatilia wanawake wa huko waliojipatia riziki kwa biashara ya ngono. Karibu theluthi mbili ya waliopimwa mwanzoni walikuwa na virusi vya ukimwi. Lakini miaka ilivyopita, watafiti wakaona wachache ambao walikutana na virusi mara nyingi na hawakuambukizwa. Mwaka wa 1996 habari zao zilichapishwa katika jarida la Lancet, na dunia nzima ikageuka kuitazama Majengo.

Wengi walidhani wanawake hao wana kinga kali kupita kawaida. Seli za kuwatambua virusi zilipatikana kwa baadhi yao, na chanjo iliyobuniwa kwa kufuata dalili hiyo ikajaribiwa hapa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Haikuleta kinga iliyotarajiwa. Baadhi ya wanawake hao nao waliambukizwa baadaye, ingawa walikuwa na seli hizo. Utafiti ulipoendelea, jambo jingine lilijitokeza: seli za kinga za wengi wao zilikuwa tulivu kuliko za wenzao. Virusi vya ukimwi hupenda kuingia katika seli zilizoamshwa. Penye mchochota seli kama hizo ni nyingi, ni kama kumfungulia mwizi mlango. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa kuongeza hatari ya kuambukizwa ukimwi.

Nisieleweke vibaya. Hakuna anayeweza kujitazama na kusema yeye ni mmoja wa wale wachache. Kondomu, kupimwa, na vidonge vya kuzuia maambukizi kwa walio katika hatari ndiyo kinga tunayoweza kukupa leo katika vituo vyetu. Ninachotaka wanafunzi mkumbuke ni kwamba sehemu kubwa ya tunachokijua tulipewa na wanawake wa Eastlands waliokunja mikono ya nguo na kutoa damu yao mwaka baada ya mwaka, huku majirani wakiwacheka. Majina yao hamtayaona kwenye kurasa. Mkifungua kitabu, wakumbukeni.

Kwa wakazi, nina manne. Kwanza, mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea asiamke vizuri, au anayepumua kwa haraka na kifua kubonyea ndani, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Pili, koo linalouma pamoja na homa, bila kikohozi wala kamasi, lionwe na mhudumu. Na viungo vinavyovimba kwa kuhamahama visichuliwe tu nyumbani. Tatu, aliyekanyaga msumari aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha aje aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda. Nne, antibiotiki ni ya kuandikiwa, si ya kuazimana.

Kwenu wanafunzi nina moja. Mtajifunza majina ya seli mpaka mchoke, na mnapaswa kuyajua. Lakini yule mama wa koo aliniambia ugonjwa wa mwanawe kwa sentensi moja, akiwa amesimama mbele yangu. Mwaka huu, kabla hamjashika kifaa chochote, jifunzeni kumwacha mtu amalize sentensi yake.