Nyoka wa Baharini na Namna ya Kumtambua



Wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wamjua fira na kifutu wa nchi kavu. Leo nitaeleza habari za nyoka wa baharini, ambaye mara mojamoja hunaswa nyavuni au hutupwa ufuoni na mawimbi, na watu wakamshika wakidhani ni mkunga.

Aina za nyoka wa baharini ni zaidi ya 60, na karibu zote hukaa katika bahari za Asia na Australia. Aina moja tu ndiyo ifikayo pwani yetu. Mwaka 1766 mtaalamu wa Uswidi, Linnaeus, alimpa jina la Anguis platura. Baadaye aliitwa Pelamis, na tangu 2013 amewekwa pamoja na ndugu zake wa Asia katika kundi la Hydrophis. Ukoo wao mkuu ni ule wa fira na koboko.

Alama zake ni hizi. Mgongo ni mweusi, tumbo ni la manjano. Mkia umebapa kama kafi, nao una madoa. Urefu wake kwa kawaida haufiki mita moja. Hana mapezi wala matamvua. Hupanda juu kuvuta pumzi. Mkunga ni samaki: ana matundu ya matamvua ubavuni mwa kichwa. Yule mwenye pete nyeusi na nyeupe aonekanaye mwambani naye ni mkunga tu, hana sumu.

Nyoka huyu hawezi kutambaa vema mchangani, lakini aweza kuuma. Jeraha huwa dogo, pengine lisiume. Baada ya saa chache misuli hukakamaa na kuuma, mkojo huwa mweusi, na pumzi yaweza kukatika.

Basi aliyeumwa asichanjwe wala jeraha lisinyonywe. Atulizwe, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali upesi hata kama hasikii maumivu. Daktari aelezwe wazi kuwa ni nyoka wa baharini, kwa maana dawa iliyokusudiwa sumu yake hutengenezwa Australia, na dawa za nyoka wetu wa nchi kavu hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Wavuvi, mtoeni wavuni kwa kijiti kirefu. Wazazi, waonyeni watoto: chenye mkia wa kafi kisiguswe, hata kikionekana kimekufa.