Paneli ya Jua Haitaki Kivuli

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya paneli ya jua, ule ubao wa kioo unaogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Wengi wetu huinunua kwa fedha za taabu, kisha tukaiweka po pote juu ya bati.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo hapa Dodoma. Niliweka paneli ya wati 50. Kila siku taa ilizimika saa 2 usiku, watoto wangali wakisoma. Nikadhani betri ni mbovu, nikanunua nyingine. Taa ikazimika saa ile ile. Ndipo bibi mmoja, jirani yangu, akaniuliza, "Mwanangu, saa 8 mchana mwembe wako hutupa wapi kivuli?" Nikatazama. Kivuli kilikuwa juu ya paneli. Fedha ya betri ilikwisha potea bure.

Basi jambo la kwanza ni kivuli. Ndani ya paneli mna vipande vidogo vilivyoungwa mfululizo, kama watu waliosimama mstari mmoja wakipokezana ndoo za maji. Mmoja akizubaa, ndoo za wote hukawia. Kwa hiyo kivuli cha tawi moja tu chaweza kupunguza sana umeme wa paneli nzima.

Jambo la pili ni mwelekeo. Dodoma iko kusini ya Ikweta. Tangu mwanzo wa Machi mpaka mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini, na miezi mingi kati ya hiyo haina mvua. Basi yafaa paneli itazame kaskazini. Ikiwa urefu wake ni mita 1, inua upande wa kusini kama sentimeta 20. Usiilaze kabisa, maana maji yatatuama juu yake na kuacha tope.

Jambo la tatu ni joto. Paneli hutaka mwanga, haitaki joto. Wati zilizoandikwa nyuma yake zilipimwa paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati, mchana, yaweza kufika nyuzi 60. Hapo paneli ya wati 100 huweza kutoa kama wati 86 tu. Basi iinue kidogo kwa vyuma, upepo upite chini yake.

Jambo la nne ni vumbi. Wakati wa kiangazi ifute asubuhi, kabla haijapata moto, kwa maji na kitambaa laini. Usitumie mchanga wala steelwaya.

Sasa mnajua kuandika; itumieni kazi hiyo. Kabla ya kumwita fundi, chukua daftari. Tangu saa 3 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, kila saa itazame paa, uandike: "kivuli kipo" au "hakipo". Mahali pasipo kivuli saa zote hizo ndipo pa kuweka paneli. Daftari ni rahisi kuliko betri.



Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini kivuli kidogo huleta hasara kubwa?
2. Paneli ya Dodoma itazame upande gani? Kwa nini?
3. Nyumbani kwako, ni kitu gani hutupa kivuli juu ya paa, na saa ngapi?