Munganga akiomba kura, tumuulize nini?

Maneno ya komite mbele ya wanamemba katika mkutano mkuu

 Asante kwa waliotoka upande wa Salamabila na Samba. Njia tunaijua, hatuna haja ya kuisimulia.

Iko swali moja lililofika mezani kwetu, na hatukutaka kulijibu pembeni. Wanamemba wamoja wanasema: katika uchaguzi unaongojewa 2028, munganga wa kwetu akisimama kuwa depite wa jimbo, hata kwa chama kidogo, kwa nini tusimsaidie kwa pesa ya mfuko? Ametutibu, anatujua. Wengine wanasema hapana, mfuko ni wa magonjwa na vilio. Leo tunasema vile komite inavyowaza na sababu zake. Uamuzi ni wenu.

Kwanza, swali hili si la kijinga. Sisi ni watu tuliokimbia bunduki. Wamoja walilala Kasongo katika nyumba za watu, wengine walivuka ziwa mpaka Tanzania. Tuliporudi tulikuta shamba limekuwa pori. Mara nyingi mtu wa kwanza kutupokea hakuwa mkubwa wa serikali, alikuwa muuguzi wa kituo cha afya. Ndiyo maana koti jeupe lina heshima kwetu.

Na heshima hiyo ni ya zamani. Katika miaka ya 1970 wanganga waliokuwa Kasongo, pamoja na chuo cha Antwerp kule Ubelgiji kinachofundisha magonjwa ya nchi za joto, walijaribu hapa hapa utaratibu wa vituo vidogo karibu na vijiji, na hospitali moja ya kupokea wagonjwa walioshindikana. Kazi ile ya Kasongo ilisaidia kuonyesha njia ya maeneo ya afya ambayo nchi nzima inayo leo. Kwa hiyo sisi si watu wa kufundishwa thamani ya munganga.

Lakini kumpenda munganga ni jambo moja, na kumpa kiti ni jambo lingine. Tutazame mfano ambao kila mmoja anaujua: Dokta Denis Mukwege. Alifanya kazi Lemera, na hospitali ile ilishambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha Panzi kule Bukavu, na wamama walioteswa walipelekwa kwake kutoka mbali sana. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake, akakimbilia Ulaya. Wamama wa kisiwa cha Idjwi wakauza mananasi ili wachange pesa ya tiketi yake, na Januari 2013 akarudi. Kwa hiyo yeye pia ni mtu aliyekimbia na kurudi, sawa na sisi. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad.

Oktoba 2023 alitangaza kwamba atasimama kuwa rais. Alisema anataka kumaliza vita, njaa na tabia mbaya za uongozi. Hakuwa na chama kikubwa nyuma yake. Kura zilipigwa Desemba 2023. CENI ilipotangaza, Felix Tshisekedi alikuwa na zaidi ya asilimia 73, na Dokta Mukwege asilimia 0.22. Maana yake katika kila kura 1,000, yeye alipata kama 2 tu. Yeye na wapinzani wengine walisema uchaguzi uliharibika, wakaomba ufutwe. Hiyo ni mabishano ambayo chama chetu hakiwezi kuyakata. Lakini somo moja linabaki: mtu anaweza kujulikana dunia nzima, na bado akakosa watu wa kumsimamia kijiji kwa kijiji, na mashahidi wa kukaa kwenye biro ya kura mpaka karatasi ya mwisho ihesabiwe.

Iko somo la upande wa pili. Dokta Oly Ilunga alikuwa munganga mwenye jina, akawa waziri wa afya. Mwaka 2020 korti ya Kinshasa ilimhukumu miaka 5 kwa ajili ya pesa za Ebola. Yeye alikana. Hatumtaji kwa kumcheka. Tunataka kukumbusha tu kwamba kujua kutibu hakumuondolei mtu haja ya kuonyesha hesabu.

Sasa tuje kwenye kiti chenyewe. Depite wa jimbo anafanya nini? Anapiga kura ya bajeti ya jimbo. Anaweza kumwita waziri wa jimbo aje kujibu maswali. Na ndiye anayemchagua gavana, kwa sababu gavana hachaguliwi na sisi moja kwa moja. Hizo ni nguvu za kweli. Lakini depite wa jimbo haongozi jeshi, na halipi muuguzi mshahara kutoka mfukoni mwake. Munganga akituambia atamaliza vita akiwa Kindu, ametuandikia dawa ambayo haiko kwenye farmasi yake.

Halafu kuna kizingiti, na hapa wengi hudanganyika. Kwa sheria ya uchaguzi iliyobadilishwa mwisho wa 2017, chama au muungano usiofikisha asilimia 3 ya kura za jimbo lote haupewi kiti katika bunge la jimbo. Tufanye hesabu ya mfano tu. Kama kura halali za Maniema ni 300,000, asilimia 3 ni 9,000. Munganga akipata kura 5,000 Kabambare, hata akiwa wa kwanza pale, na chama chake hakikupata kitu Kindu, Punia wala Lubutu, zile 5,000 zinaanguka chini. Mama aliyetembea tangu alfajiri kwenda kumpigia amerudi mikono mitupu. Kwa hiyo swali la kwanza si "wewe ni munganga wa wapi?" Swali ni "uko katika muungano gani, na una watu katika teritware ngapi kati ya 7 za Maniema?"

Munganga mzuri hatoi dawa kabla ya kuuliza. Anauliza: unaumwa wapi? Tangu lini? Umekunywa dawa gani? Basi na sisi tumfanyie vile vile. Akija kwetu, tumuulize haya manne:

Chama chako kitavuka kizingiti namna gani?

Katika bajeti ya jimbo, utatetea nini kwa ajili ya vituo vya afya vya Kasongo na Kabambare, na utatuletea habari wapi na lini?

Ukienda Kindu, nani atabaki na wagonjwa wako? Kwetu munganga mmoja akiondoka, pengo linaonekana.

Ukishindwa, utarudi kwenye hospitali, ama tutakusikia tena baada ya miaka 5?

Hili la mwisho si la dharau. Bukavu ilipochukuliwa na M23 Februari 2025, njia ya kupeleka mgonjwa mgumu Panzi ilizidi kuwa nzito kwa watu wa Kabambare. Munganga aliye karibu amekuwa na thamani kubwa zaidi kuliko zamani.

Kwa hiyo komite inaleta mapendekezo matatu. La kwanza: pesa ya mfuko isiingie katika kampeni ya mtu yeyote, awe munganga, mwalimu ama mtoto wa chifu. Pesa hii ilichangwa kwa ajili ya mgonjwa na maiti, na wafadhili walitoa kwa neno hilo. Tukilivunja kwa mtu tunayempenda leo, kesho hatutakuwa na mdomo wa kumkatalia tusiyempenda. La pili: mwanamemba yuko huru. Anayetaka kuchanga kwa jina lake, kutoka mfukoni mwake, achange, hakuna wa kumfukuza. La tatu: mgombea yeyote akaribishwe hapa kujibu maswali yale manne mbele ya wote, na majibu yake yaandikwe katika gazeti letu, ili tuyasome tena akishakaa kwenye kiti.

Wamama wa Idjwi waliuza mananasi yao wenyewe. Hawakugusa sanduku la wafiwa. Wapendwa, tumewaza hivyo. Sasa tunaomba mikono ijulikane: nani anakubali, nani anakataa?