Jeki Iliyokunywa Maji: Maelezo ya Kikundi cha Ufundi kwenye Harambee ya Chama



Mwaka jana, ukumbini humu, mlituchangia tutengeneze nyambizi ndogo isiyobeba mtu, ya kuondoa magugu kwenye chujio la bomba letu la maji Ziwa Victoria. Sababu mnaijua. Chujio liko mita 9 chini, na likiziba ni vijana wetu wanaopiga mbizi kwa pumzi moja, gizani, penye mamba. Leo tumekuja na hesabu, na hesabu yenyewe inaanza na hasara.

Jeki ya umeme ya kusukuma mkono wa nyambizi, ndugu wa ile iliyokuwa ikizungusha madishi makubwa ya televisheni, ilikufa siku ya kwanza. Lebo ilisema IP66, tukaamini haiingii maji. Kosa letu: alama hiyo ni ya maji ya kurushwa kwa nguvu, si ya kuzamishwa. Tena tuliiacha juani mtumbwini. Ilipoingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani ikasinyaa, ikavuta maji kupitia sili ya fimbo. Na huko chini kila mita 10 huongeza kama kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Tulipoifungua, gia zilikuwa zimezama kwenye uji wa grisi.

Ya pili hatukuihami kwa sili nene. Tuliijaza mafuta. Hewa hubanika, mafuta karibu hayabaniki kabisa. Ukiunganisha jeki na kifuko laini cha mafuta, maji hukiminya kifuko, na msukumo wa ndani ukalingana na wa nje. Sili haina vita ya kupigana. Ila fimbo ikitoka huacha nafasi. Yetu ina kipenyo cha sentimita 2, na ikitoka sentimita 10 inadai mililita 31 za mafuta, kwa hiyo kifuko lazima kiwe nazo na ziada. Mapovu nayo yatoke yote. Hiyo ilituchukua alasiri mbili, tukiigeuzageuza jeki kama mtoto mwenye gesi tumboni.

Kifuko cha kwanza tulikata mpira wa ndani wa baiskeli. Mafuta yakauvimbisha ukawa kama utumbo. Sasa tunatumia mpira wa nitrili. Mafuta ya cherehani pia tuliyaacha, maana haya ni maji tunayokunywa. Tumeweka mafuta meupe yanayoruhusiwa kwenye mashine za vyakula. (Hapana, jamani, hayakutoka kwenye transfoma ya mtu.)

Mwezi uliopita tuliishusha jeki peke yake mita 15. Ikaenda na kurudi mara 40, ikalala huko usiku kucha. Asubuhi, ndani hapakuwa na tone la maji.

Kilichobaki ni jeki ya akiba, mita 30 za waya wa kuzamishwa majini, na oringi. Bei ziko kwenye karatasi mlizogawiwa mlangoni. Masika yakianza magugu yatarudi, na safari hiyo tungependa asizame mtoto wa mtu.