Umeme wa Gari Kuukuu Usiku wa Dhoruba

Hotuba kwa madereva, wenyeviti wa vijiji na vikundi vya ulinzi, Mubuku



Maji ya Mubuku huzungusha mitambo. Kituo cha Bugoye peke yake kina uwezo wa megawati 13. Hata hivyo nguzo ikianguka, aishiye chini ya mitambo hiyo hukaa gizani kama mwingine yeyote. Mwezi wa Mei 2020 mito Nyamwamba, Mubuku na Lhubiriha ilifurika. Usiku wa namna hiyo, mwenye simu iliyozimika hana njia ya kupiga 999 wala 112.

Kwa sababu hiyo tunafurahia masanduku ya umeme, yaani zile betri kubwa za lithiamu zibebwazo mkononi, na tunafurahia kuwa taksi na magari ya zamani ya kusafiria na kulala yanaweza kuyachaji.

Alteneta ya gari la zamani ina sifa njema: hutoa volti 14 hivi muda wote injini izungukapo, ilhali katika magari mengi mapya kompyuta hupunguza volti betri ikishajaa. Udhaifu wake ni uchache wa nguvu. Ikiandikwa ampea 60, hizo ni za injini inayokimbia. Gari likisimama huku injini ikinguruma, alteneta hutoa pungufu sana, na feni ya kuipoza nayo huzunguka polepole. Taa kuu mbili pekee hula wati 110.

Tufanye hesabu. Tundu la kuwashia sigara humpa mwenye sanduku takriban wati 100. Sanduku la wati-saa 1,000 litahitaji basi saa kumi au zaidi. Lakini safari moja ya saa moja na nusu, kutoka hapa kupitia Kasese hadi Bwera, hutosha kujaza simu saba hivi. Si haba. Atakaye zaidi, fundi amfungie chaja maalumu inayodhibiti mkondo, isiyozidi ampea 20 kwa alteneta ndogo, yenye waya mnene na fyuzi karibu kabisa na betri ya gari. Kufungua sanduku na kuunga waya moja kwa moja kwenye betri ya ndani tunakukataa kabisa: lithiamu hunywa mkondo wote ipewao, alteneta ikaungua, waya zikashika moto chini ya viti vya abiria.

Linalotusumbua zaidi, hata hivyo, halina moshi wala cheche. Katika magari mengine tundu hilo hubaki na umeme hata ufunguo ukitolewa. Dereva analala, sanduku linaendelea kunyonya ampea 8. Baada ya saa tano zimekwenda ampea-saa 40, na betri iliyochoka ya ampea-saa 60 haitawasha injini tena. Saa nane za usiku mama mjamzito anashikwa na uchungu, na gari lililotarajiwa kumfikisha hospitali ya Bwera limekufa uani, huku sanduku limejaa pomoni! Tundu la namna hiyo lifungwe swichi inayokata umeme injini inapozimwa. Fundi yeyote wa umeme wa magari pale Kasese aijua kazi hiyo.

Wala asiwepo wa kuwasha injini ndani ya banda lililofungwa ili achaji kwa siri au kukwepa mvua. Moshi wa ekzosi una gesi ya sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu usingizini.

Baada ya nusu saa ya kwanza, gusa plagi. Ikiwa ya moto, ichomoe. Na sanduku likishajaa, likae kwa mwenyekiti wa kijiji. Simu za kwanza kuchajiwa ziwe za walio zamu usiku huo, kisha ya dereva.