Mashine Inayozungumza na Malezi ya Watu Wenye Hali ya Down



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, maneno ya leo yahusu jambo ambalo aghalabu husemwa kwa kunong'ona majumbani, nalo ni malezi ya mtoto aliyezaliwa na hali ya Down, na maisha yake akiisha kuwa mtu mzima. Kwa muda mrefu jamaa za watu hawa wamekosa mtu wa kumwuliza. Sasa imetokea mashine ya kuulizwa, nayo imo katika simu za vijana wa Budondo, Jinja na Mbale. Wako wazee wasemao kuwa mashine hiyo ni upuuzi na yafaa iachwe; na wako vijana wasemao kuwa imemaliza taabu zote. Pande zote mbili zimekosea, kwa kuwa chombo humfaa yule ajuaye mipaka yake.

Kwanza yafaa ijulikane hali yenyewe ni nini. Mwaka 1866 daktari mmoja wa Uingereza, John Langdon Down, aliandika habari za watu waliofanana nyuso na ambao ufahamu wao ulikwenda polepole. Ndipo hali hiyo ikaitwa kwa jina lake. Sababu haikujulikana mpaka mwaka 1959, wataalamu wa Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, walipoitangaza. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na kwa kawaida ndani ya chembe mna kromosomu 46, jozi 23, zibebazo urithi wa baba na mama. Mwenye hali ya Down aghalabu ana 47, kwa maana ile ya namba 21 anazo tatu badala ya mbili. Basi jambo hili si jini, si laana, wala si dhambi ya mama. Ni kweli kuwa uwezekano wake huzidi kadiri umri wa mama unavyozidi. Lakini kina mama vijana nao huzaa watoto hawa, na kwa kuwa wao ndio wazaao zaidi, watoto wengi wa hali hii wana mama vijana.

Umoja wa Mataifa, ambao tangu mwaka 2012 huiadhimisha siku yao kila tarehe 21 Machi, hukadiria kuwa hupatikana mtoto mmoja wa namna hii katika kila watoto 1,000 hadi 1,100 wazaliwao duniani. Uganda huzaliwa watoto zaidi ya milioni moja na nusu kila mwaka. Kwa hesabu hiyo, wenye hali ya Down hupita elfu moja kwa mwaka. Wako wapi? Wengine wako shuleni, na wengine wamefichwa vyumba vya uani wageni wasiwaone. Wengine wamekwisha kufariki, kwa kuwa karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na asiyepimwa hatibiwi. Nchini Marekani mwaka 1983 mtu wa hali hii alitazamiwa kuishi kama miaka 25. Leo hutazamiwa kufika karibu miaka 60. Kilicholeta tofauti hiyo ni matibabu ya moyo, shule, na watu kuacha kuwafungia.

Uislamu una mfano wa zamani katika jambo hili. Abdullah bin Umm Maktum, Sahaba aliyekuwa kipofu, aliadhini katika msikiti wa Mtume, na mara kadhaa aliachiwa kusimamia Madina wakati Mtume aliposafiri. Hakuachwa uani. Na katika zama hizi, Pablo Pineda wa mji wa Málaga nchini Uhispania, mwenye hali ya Down, alikuwa wa kwanza wa hali hiyo barani Ulaya kupata shahada ya chuo kikuu, na mwaka 2009 alipewa tuzo ya uigizaji katika tamasha la filamu la San Sebastián. Si kila mmoja atafika huko, kama vile ambavyo si kila mtoto mwingine afikaye. Lakini asiyefundishwa hawezi kufika popote.

Sasa, mashine yenyewe. Programu hizi huitwa chatiboti, na elimu iliyozizaa huitwa akili mnemba. Iliyozifanya zijulikane duniani kote ni ChatGPT, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI ya Marekani tarehe 30 Novemba 2022. Mtu huandika au husema swali lake, nayo humjibu kwa maneno kamili. Haijui kwa namna ajuavyo mama au daktari. Imesomeshwa maandishi mengi mno, na hutunga jibu kwa kukisia ni neno gani lifaalo kufuata neno jingine. Kwa hiyo husema kwa ufasaha, na hata inapokosea hukosea kwa ufasaha ule ule.

Faida zake si haba. Ya kwanza ni kwa mama. Mama aendaye kituo cha afya cha Budondo na mtoto mgongoni mara nyingi husahau la kusema mbele ya mganga, au huona haya. Jioni ya kabla ya safari yaweza kumsaidia kupanga maswali yake: je, moyo wa mtoto umesikilizwa, na umepigwa picha? Masikio yamepimwa? Macho je? Damu imepimwa kuhusu tezi ya shingoni, ambayo kwa watu hawa huharibika mara nyingi? Akiwa na maswali manne yaliyoandikwa, mama huyo hatarudi nyumbani na maneno ya juu juu. Ataweza kuomba barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya Jinja, na ikibidi, Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala.

Faida ya pili ni kwa mwalimu. Wataalamu wamegundua kuwa watu wenye hali ya Down hujifunza kwa macho vyema kuliko kwa masikio, na kwamba huelewa maneno mengi kuliko wanayoweza kuyatamka. Maelezo marefu huwapotea. Picha na hatua fupi fupi huwakaa. Basi mwalimu wa madrasa aweza kuitaka mashine iligawanye somo la kutawadha katika hatua ndogo, kila hatua sentensi moja ya maneno matano au sita, kisha yeye mwenyewe akaisahihisha kwa elimu yake, na kila hatua akaichorea picha na kuibandika ukutani. Vivyo hivyo katika kuhesabu fedha za dukani, au kupanda bodaboda na kumtajia dereva mahali pa kushuka. Mashine haichoki kuulizwa jambo moja mara kumi, na watu hawa huhitaji jambo lirudiwe mara kumi.

Faida ya tatu ni ya mtu mwenyewe, hasa aliyekwisha kuwa kijana. Aweza kusomewa barua, akaelezwa kwa maneno mepesi, akauliza asilolielewa pasipo mtu wa kumcheka. Lakini hapa pana kizuizi. Matamshi ya wengi wao ni mazito, na mashine nyingi hazikuzoezwa kuyasikia. Mwaka 2019 Jumuiya ya Hali ya Down ya Kanada ilishirikiana na kampuni ya Google katika mradi uitwao Project Understood, wenye hali ya Down wakatoa sauti zao ili mashine zizoee kuwasikia. Kazi hiyo ilifanywa kwa Kiingereza. Kijana wa Busoga asemaye Kisoga hajafanyiwa kazi kama hiyo.

Hilo laleta hatari ya kwanza, nayo ni lugha. Chatiboti zajua Kiingereza sana, Kiswahili kiasi, na Kisoga kidogo mno. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere na wa shirika la Sunbird AI la Kampala wamekusanya maandishi na sauti za lugha kadhaa za Uganda, na kazi hiyo yastahili kupongezwa. Lakini mtoto mzito wa maneno yampasa aanze na lugha ya mama yake. Basi mzazi na asome kwa Kiswahili au Kiingereza, kisha afundishe kwa Kisoga kwa kinywa chake. Asimwachie mtoto simu imfunze lugha ambayo nyumbani hakuna aisemaye.

Hatari ya pili ni uwongo usiokusudiwa. Mwezi wa Januari 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya programu za namna hii katika mambo ya afya, likaonya kuwa zaweza kutoa maelezo ya uwongo au yasiyo kamili, na kwamba watu huziamini kupita kiasi. Mtoto mwenye kasoro ya moyo akishikwa na pumzi, midomo ikageuka rangi, hapana wakati wa kuuliza simu. Apelekwe kwa mganga. Wala kipimo cha dawa kisichukuliwe kwa mashine hata mara moja. Nchini Kenya shirika la Jacaranda Health limeonyesha njia iliyo salama zaidi: kina mama huuliza maswali yao ya uzazi kwa simu, mashine husaidia kuyapambanua na kuyajibu, lakini nyuma yake wapo watu waliosomea uuguzi, na swali la hatari hufikishwa kwao. Hilo ndilo la kuiga.

Hatari ya tatu ni siri. Picha ya mtoto, jina lake, ugonjwa wake na mahali anapolala ni amana. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua habari za mtoto; lakini mzazi mwenyewe akiyaandika yote katika mashine, ameyatoa kwa mkono wake. Swali laweza kuulizwa bila jina: mtoto wa miaka sita, mwenye hali kadha wa kadha, afanyiwe nini. Yatosha.

Hatari ya nne ndiyo kubwa kuliko zote. Watu wengi wenye hali ya Down ni wapole na wepesi wa kumwamini mtu. Mashine hujibu kwa upole, hukubali sana na kubisha kidogo. Kijana asiye na rafiki aweza kuiona kuwa ndiyo rafiki yake, akaitii na kuisimulia yote. Yapasa aambiwe mara nyingi, kwa maneno mepesi, kuwa hiyo si mtu. Na jamaa yapasa wajiulize kwa nini kijana huyo amekosa rafiki katika mtaa wenye watu.

Kwa hayo, yafaa Jumuiya ifanye mambo manne. La kwanza, mashine itumiwe pamoja na mtu mzima aketiye karibu, wala mtoto asiachiwe peke yake. La pili, jibu lolote la afya lipelekwe kwa mganga, na jibu lolote la dini lipelekwe kwa sheikh, kwani mashine haina dhima mbele ya Mwenyezi Mungu kwa fatwa itoayo. La tatu, iwepo simu moja ya Jumuiya, itunzwe na mwalimu mmoja mwaminifu, na siku moja katika juma wazazi wenye watoto wa hali hii wakutane naye. Umeme wa megawati 250 huzalishwa Bujagali, jirani na Budondo, tangu mwaka 2012, lakini si kila nyumba iliyo karibu na bwawa ina pa kuchajia simu. Na gharama ya intaneti, ambayo Serikali iliitoza ushuru wa asilimia 12 mwaka 2021, ni mzigo kwa mkulima. Simu moja ya wengi ni nafuu kuliko simu kumi. La nne, wazazi hao wajuane. Siri ya mtungi aijuaye kata: mama aliyekwisha kumlea mtoto wa namna hii miaka ishirini anajua mambo ambayo hayakuandikwa popote, na kwa hiyo mashine haikuyasoma.

Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2020 yakataza kuwabagua katika elimu na matibabu. Lakini sheria haiwezi kumtoa mtoto chumba cha uani ikiwa baba yake aona haya. Atamtoa baba mwenyewe, siku atakapojua kuwa jirani hatamcheka, na kwamba mtoto wake ana nafasi katika safu ya sala, katika chuo, na katika karamu ya harusi.

Mkono mmoja haulei mwana. Mashine yaweza kuwa msaada wa mikono hiyo, lakini yenyewe si mkono. Yaweza kumzoeza kijana kutamka salamu mpaka akaiweza. Lakini atakapotoka nje na kuitoa, wa kuijibu ni watu wa mtaa.

Mwenyezi Mungu awape wazazi hao subira na nguvu, awape watoto wao afya na heshima, na aijalie Jumuiya itende kuliko inavyosema. Amin.